Matairi ya Lori kwenye Lango la Baba

Dada yangu alikuwa na kicheko alichokitumia mahali ambapo watu wengine hulia. Mwaka ule mvua ya masika ilipomharibia omena wake pale ufuoni Usenge, nilimkuta amesimama kando ya nyavu za kuanikia, samaki wamegeuka uji wa kijivu, bata wa jirani wanakula mpaka wanashindwa kutembea, naye anacheka.

"Owadwa," akaniambia, maana yake ndugu yangu, "hawa bata mwaka huu watataga omena."

Nikacheka naye. Halafu nikazunguka nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta choo, nikafuta macho.

Omena, hao dagaa wa ziwa letu, ni samaki wa jua. Ukimwanika asubuhi jua likiwa kali, jioni unamzoa. Mvua ikianza, wale waliokwisha kukauka lazima waondoke ufuoni haraka waende Kisumu, kwa sababu unyevu ukiwaingia ndani ya gunia hakuna wa kuwanunua, labda mfuga kuku. Na mvua hiyo hiyo inayoharibu omena ndiyo inayoharibu barabara. Kabla hujafika Usenge kulikuwa na bonde la tope jeusi ambalo malori yaliliogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Mvua mbili tu, na madereva walikuwa wanageuzia mbali kabisa. Dada alikuwa mjane, ana watoto, na kazi yake ilikuwa hiyo moja.

"Masika yajayo nitakuja na gari langu mwenyewe," nikamwambia.

"Gari lako? Wewe ambaye hata baiskeli yako unaisukuma?"

"Gari la kupita hapo kwenye tope. Utaona."

Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya niamini maneno yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu kubwa ujanani: nikishasema kitu kwa sauti, nilikiona kimekwisha kutendeka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba na nilifanya kazi kwenye gereji moja Kisumu, karibu na soko. Gari nililoliwaza lilikuwa pale pale gerejini. Mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa amelitelekeza alipomaliza kazi yake upande wa Muhoroni: lile gari fupi la porini, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Halikuwa na paa wala viti, na kuku wa tajiri wangu walikuwa wametaga juu ya injini. Siku moja tajiri alichoka kuliona.

"Toa hiyo takataka hapa," akasema. "Ukiweza kuiwasha, chukua. Usiniletee tena."

Kuliwasha hakukunishinda. Injini ilikuwa nzima, ilihitaji tu mtu wa kuwahamisha kuku. Nilipolijaribu kwenye matope ya Kano ndipo nilipojua kwa nini mkandarasi aliliacha. Magurudumu yake yalikuwa madogo. Malori yakipita kwenye tope huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta. Magurudumu ya gari langu yalizama kwenye ile mifereji, tumbo likakalia tuta, likabaki hapo likizungusha magurudumu hewani kama mdudu aliyepinduliwa. Nilichimba kwa mikono. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikaa chini kutazama, wakaomba nirudie tena.

Basi nikaota matairi makubwa. Yaani niliota kweli kweli, usingizini, nikiyaona yananyanyua gari mpaka chini yake anapita mtu na gunia kichwani.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kutoka Murang'a aliyeuza vyuma vya malori mabovu nyuma ya soko. Nilimtengenezea breki za pikapu yake, naye akaniambia nichague matairi manne.

"Kijana," akasema, akipiga moja teke, "hii tairi imebeba kabeji kutoka Kinangop mpaka hapa. Haijui kulala. Lakini wewe unaweka kwa nini? Kwa hiyo gari ndogo? Utavalisha mtoto kiatu cha babake."

"Mtoto atakua, Mzee."

"Gari haikuangi," akanijibu, akarudi kwenye chai yake.

Nilikuwa na rafiki pale gerejini, fundi wa kuchomelea, mtu wa Maragoli, ambako kuku ndiye nyama ya heshima, mnene, mwenye utani usiokwisha. Yeye ndiye aliyenisaidia. Rimu za lori zilikuwa na matundu yasiyolingana na boliti za gari langu, kwa hiyo tulikata kitovu cha kila rimu ya zamani tukakichomelea ndani ya rimu ya lori. Rimu zangu zote nne ndogo ziliishia hapo, zimekatwa katikati kama mandazi yaliyoliwa. Kumbukeni hilo, maana lilikuja kunitafuna baadaye. Magurudumu ya mbele yakaingia vizuri. Ya nyuma yakawa yanakwaruza springi, tukayachomelea upya yakatokeza nje kidogo. Madigadi tukayakata kwa msumeno. Tulipomaliza, gari lilikuwa limesimama juu kwa mbele, na nyuma limetanua miguu.

Rafiki yangu alirudi hatua kadhaa akalitazama.

"Nyinyi watu wa ziwa," akasema, "mnapenda kitu kionekane. Hii inaonekana mpaka Uganda."

"Na nyinyi watu wa kuku mnapenda kitu kilale kwenye sufuria. Panda twende."

Tulilipeleka kulijaribu kwa njia ya Kombewa. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Usukani ulikuwa mzito kama kuvuta ng'ombe asiyetaka, na gari lilipanda vilima polepole, kwa sababu gurudumu kubwa linaiomba injini nguvu ambayo haina. Lakini kutoka kule juu niliona juu ya nyua za watu, niliona sufuria zao jikoni. Mbele kidogo ya hospitali ya Kombewa palikuwa na mtaro. Nikasema, mtaro ni nini? Magurudumu ya mbele yakavuka. Ya nyuma yakashuka, nikakanyaga mafuta, kukasikika mlio mmoja mkavu huko chini, kama mtu aliyevunja mfupa wa kuku kwa meno. Injini ikaendelea kunguruma. Gari halikwenda popote.

Wagonjwa walitoka nje kutazama. Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani alizunguka gari lote, mikono nyuma.

"Nani mgonjwa?" akauliza. "Mimi ama huyu?"

"Huyu, Mzee."

"Basi ingiza wodi."

Tulirudishwa barabarani na ng'ombe wa kulima, jozi mbili, huku mwenye ng'ombe akiwaambia wasione aibu.

Kilichovunjika ni shafti, ile fimbo ya chuma inayojificha ndani ya bomba la ekseli na kupeleka nguvu mpaka gurudumuni. Nilipata nyingine kuukuu, nikaitia. Lakini nilipolala chini ya gari niliona pia kwamba bomba lenyewe la ekseli limeanza kupinda. Hapo akili yangu ikakimbilia kitu nilichokiona kwa macho. Tukachukua majani ya springi za lori, yale mabamba marefu ya chuma, tukayachomelea chini ya bomba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Likawa nene, zuri, jeusi. Nililipaka hata rangi.

Shafti ikavunjika tena, safari hii Kisumu kwenyewe, kwenye reli, treni ikiwa mbali lakini inaonekana.

"Wewe umemvalisha bwana harusi suti," rafiki yangu alisema tukisukuma, jasho linamtoka kama mvua, "na anaumwa tumbo!"

Nilikuwa nimeketi usiku baada ya usiku nikimwazia dada akipanda kwenye gari hili na magunia yake, na sasa nilitaka kulipiga mawe. Mtu anasema chuma hakina moyo, lakini naapa, lile gari lilikuwa linanionea. Kila nilipotia nguvu mahali, udhaifu ulihamia kwa jirani. Niliimarisha bomba, shafti ikakatika. Nikatafuta shafti nene ya lori, tukaipeleka kwa fundi mmoja wa mashine ya kukereza kule bandarini aipunguze na kuitia meno yanayofaa. Aliifanya vizuri. Tukaipasha moto mpaka ikawa nyekundu ili igande na kuwa ngumu, kisha mimi, kwa haraka zangu, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji. Ikalia tsss, ikawa ngumu kweli. Ngumu kama glasi. Nilipoigonga nyundo kidogo tu ikapasuka urefu wote.

Nilikaa chini juu ya tairi bovu. Nilitamani kucheka kama dada. Kicheko hakikuja.

"Mafuta," rafiki yangu akasema taratibu. Siku hiyo hakutania. "Tufanye tena, tuweke kwa oili chafu. Maji inaishtua."

Tukaomba shafti nyingine za lori, mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, tukazikereza, tukazitumbukiza kwenye oili chafu ya injini, moshi ukawafukuza kuku wote wa tajiri. Zile shafti mbili zilitoka bluu kidogo, kama rangi ya shingo ya njiwa. Tukazitia. Nikalipandisha gari juu ya rundo la mawe, nikalishusha, nikalipandisha, nikalirusha kwenye mtaro wa soko mbele ya akina mama waliokuwa wakinitukana kwa lugha tatu. Halikulia. Halikuvunjika.

Upande wa ziwa mawingu yalikuwa tayari yamekaa.

Nilituma habari kwa dada kupitia mama mmoja muuza samaki aliyekwenda Usenge: gari liko tayari, funga magunia, nakuja. Mama yule alirudi na jibu, akalitoa neno kwa neno huku akinitazama kwa huruma.

"Dada yako anasema ahsante. Anasema ana magunia yamejaa nyumba. Anasema lakini usilete hiyo gari kama haijatoka nyumbani kwa mkono wa kaka yenu mkubwa. Akiiona imekuja na wewe peke yako, hataweka hata kikapu."

Sasa, msomaji ambaye hakukulia kwetu atauliza, hii nayo ni nini. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa ndiye anayelima kwanza, ndipo mdogo anashika jembe. Mkubwa anajenga, ndipo mdogo anajenga. Na kitu kikubwa kama plau mpya au mtumbwi kinaingia kwanza nyumbani, mkubwa anakishika, anakitoa langoni kwa mkono wake, ndipo kinakwenda kazini. Kaka yangu hakuwa na gari. Hakuwa hata na pikipiki. Mimi wa nyuma yake nilikuwa na gari refu kuliko nyumba yake.

Ningeweza kubishana na mtu mwingine yeyote. Na dada sikuweza. Mume wake aliwahi kutengeneza mtumbwi mpya akaushusha ziwani wakati kaka yake mkubwa yuko safarini, hakungoja, samaki walikuwa wengi siku hizo. Ziwa halikumrudisha. Watu walisema waliyosema, na dada aliwasikia wote. Mimi nilijua upepo wa siku ile ulikuwaje. Lakini utamwambiaje mjane habari za upepo?

Kwa hiyo nikaenda Seme, nyumbani kwetu, ng'ambo ya Kombewa. Kaka alikuwa bado hajahama kujenga boma lake, nyumba yake ilikuwa ndani ya boma la marehemu baba. Wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kutuacha. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Alisikia gari kutoka mbali, kila mtu alilisikia, lakini hakuinua kichwa mpaka nilipolizima nje ya lango.

"Kwa hivyo ni kweli," akasema. "Umenunua nyumba ya magurudumu."

"Sikuinunua, Jaduong'," nikasema, neno letu la kumwita mkubwa kwa heshima. "Nimeitengeneza. Nataka uitoe nyumbani, twende kwa dada. Mvua inakuja."

"Mimi nijue kuendesha kutoka wapi?"

"Utashika usukani tu. Mimi nitakuwa kando."

Akachonga mpini kidogo zaidi. Nilijua anachokiwaza. Alikuwa mtu mwema, kaka yangu, alinibebea vitabu nilipokuwa mdogo, lakini hakuna mkubwa anayefurahi kuitwa aje abariki kile alichokitaka yeye kwanza. Nikamwonea huruma, na papo hapo nikataka kumvuta kola.

"Omena wa dada wanaoza," nikasema.

Hapo akasimama. "Leta ndani," akasema.

Nikawasha, nikaingiza gari langoni, na gari likakataa. Magurudumu ya mbele yalipita. Ya nyuma, yale tuliyoyatokeza nje ili yasikwaruze springi, yakagonga miti ya pande zote mbili kwa pamoja. Lango la baba lilijengwa kwa kupita ng'ombe na mkokoteni, na nguzo zake zilikuwa miti hai iliyomea, minene kuliko paja.

Nikashuka nikiwa tayari nimeshika panga.

"Nakata kidogo tu hapa."

"Weka hiyo panga chini."

"Jaduong', ni tawi tu, ni..."

"Lango la baba mwenye kulipanua ni baba," kaka akasema, sauti ya chini kabisa. "Baba hayupo. Weka chini."

Nikaweka. Nikamwambia basi tulitoe hapa hapa nje, ashike usukani hapa barabarani, nani atajua? Akanitazama kama nimetapika.

"Kitu ambacho hakijaingia kitatokaje?"

Ningekuwa na rimu zangu ndogo, ningezifunga mara moja, nikaingia, nikatoka. Ndiyo hizo nilizozikata kama mandazi. Sijawahi kuchukia kitu nilichokitengeneza kwa mkono wangu kama nilivyoyachukia yale matairi ya nyuma pale langoni. Miezi yote ile nilikuwa naomba Mungu yawe makubwa. Tone la kwanza likaniangukia shingoni.

Mke wa kaka ndiye aliyetoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akatazama gari, akatazama lango, akasema, "Lakini ya mbele inapita. Si mtoe hiyo ya nyuma mbebe matako yake kwa kitu ya kuvutia pipa ya maji?"

Alimaanisha ule uma wa mti, gogo lenye panda mbili ambalo ng'ombe hulikokota chini, wanalobebea mapipa ya maji kutoka ziwani. Kila boma lilikuwa nao.

Basi nikapiga jeki, nikavua magurudumu ya nyuma, tukasukuma uma wa mti chini ya ile ekseli niliyoiimarisha kwa jasho la miezi, tukaifunga kwa minyororo. Mabamba yangu ya chuma yaliyopakwa rangi yakakaa juu ya gogo lenye matope. Ng'ombe wanne wakafungwa mbele. Kaka akaenda ndani, akakaa muda mrefu, mvua inaongezeka, mimi nataka kulia, akatoka amevaa koti la baba na gamubuti. Akapanda nyuma ya usukani.

"Washa," akasema.

"Ng'ombe ndio watavuta, Jaduong'. Injini haina kazi."

"Gari isiyolia si gari. Washa."

Nikawasha bila gia. Ng'ombe wakashtuka, wakavuta, na gari langu la kushinda matope yote ya ziwa likaingia nyumbani likiwa limekalia gogo, injini inanguruma bure, kaka ameshika usukani kwa mikono yote miwili na macho mbele kama dereva wa gavana. Lilizunguka mbele ya kaburi la baba. Kaka akaliambia kaburi maneno machache ambayo sikuyasikia kwa ajili ya injini. Kisha likatoka. Majirani walikuwa wamejipanga nje ya ua, na mmoja akapaza sauti, "Huyo ni opuk! Tazama opuk na gamba yake!" Opuk ni kobe. Tangu siku hiyo gari likaitwa hivyo, na mimi nikaitwa mchunga kobe.

Nje nikafunga tena magurudumu kwenye mvua. Boliti zilikuwa zinateleza, vidole vimekufa ganzi. Kaka alisimama juu yangu ameshika gunia kunikinga, gunia lenyewe likivuja mgongoni mwangu.

"Pole," akasema.

"Sawa."

"Ilibidi."

"Najua, Jaduong'." Na kweli nilijua. Kujua hakukukausha omena hata mmoja.

Safari ya Usenge sitaieleza yote. Kaka aliketi kando yangu juu ya kreti ya soda, maana viti havikuwepo, akinielekeza njia ambayo niliijua kuliko yeye. Kwenye bonde la tope jeusi tulikuta lori limezama mpaka mlangoni, dereva wake amelala juu ya kabini akivuta sigara chini ya turubai.

"Rudini!" akatupigia kelele. "Hapa ni kaburi!"

Nikatia gia ya chini. Opuk akashuka. Nilisikia tuta la katikati likitukwaruza tumbo, likaacha. Magurudumu ya nyuma yakazama, yakazunguka, nikasikia ekseli inalia, mlio mrefu mzito, nami nikangoja ule mwingine, mkavu, wa mfupa. Haukuja. Tukapanda ng'ambo polepole mno, kama mtu anayeamka na homa, matope yakiruka mpaka juu ya koti la baba.

Tulipofika juu, kaka akajifuta tope usoni. Kisha akasema, "Nimeipeleka vizuri."

Nilicheka mpaka nikapoteza usukani kidogo.

Ufuoni mvua ilikuwa imetangulia kufika. Nyavu za kuanikia zilikuwa zimelala chini, na juu yake ule uji wa kijivu, na bata. Harufu ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Nilizima gari, nikabaki nimekaa. Niliwaza lile lango. Niliwaza kaka alivyokawia ndani akitafuta koti. Sikutaka kushuka.

Dada alitoka mbio na kanga kichwani. Alilipita gari, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwa kaka, akampa mkono kwa mikono yote miwili, magoti yamekunjika.

"Ahsante, Jaduong'. Umeleta gari."

"Nimeleta," kaka akasema.

Nami nimesimama pale nimejaa tope mpaka kwenye masikio. Sitaficha, iliniuma. Iliniuma kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Magunia yaliyokuwa nje yalikuwa yamekwisha. Lakini ndani ya nyumba yake dada alikuwa ameinua kitanda juu ya matofali, akapanga magunia juu ya kitanda mpaka karibu na bati, mengine juu ya meza, na watoto amewapeleka kwa jirani. Yeye alikuwa amelala kwenye kiti. Nyumba nzima ilikuwa kavu na imejaa samaki, kama ghala. Yalikuwa karibu nusu ya magunia yake yote. Nusu nyingine walikula bata.

"Nilijua mtakuja," akasema. Hakucheka. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameogopa sana.

Tulipakia. Kaka alibeba gunia la kwanza kwa mkono wake kama inavyotakiwa, halafu akakumbuka ana mgongo. Mimi na dada tukabeba yaliyobaki, tukayafunika kwa turubai. Nilikuwa nimekasirika bado, nafunga kamba kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Nusu ya magunia! Shafti mbili zilizovunjika, ile ya tatu iliyopasuka kwa maji, ng'ombe, gogo, vyote hivyo, na bata bado wakapata nusu.

Nilipogeuka sikumwona dada. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari na karai la maji ya ziwa, anaosha tope kwenye ekseli. Hakuna mtu aliyewahi kuiosha. Mabamba yangu yakaanza kuonekana, na rangi yake iliyochubuka.

"Ni ipi ilikuwa inavunjika?" akauliza.

Kaka hakuwahi kuuliza. Hakuna aliyewahi kuuliza, walicheka tu.

"Haionekani," nikamwambia. "Iko ndani ya hilo bomba."

Akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa bado cha moto kutokana na lile bonde, maji yanatoa mvuke. Akauacha mkono hapo.

"Pole," akasema.

Sikujua anaiambia shafti au ananiambia mimi. Nikachuchumaa kando yake, nikachukua tambara, nikaanza kuosha upande wa pili. Kaka, amekwisha kukaa kwenye kreti yake mbele, akapiga honi.

"Nyinyi! Nimewangoja!"

"Tungojee kidogo, dereva," dada akajibu, na kile kicheko chake kikarudi.